Neno Ambalo Mwalimu Hakuwa Nalo

Ilianza Alhamisi, saa kumi na moja na robo jioni. Najua saa kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya Mama nikiangalia kama chaji imeingia, na hapo hapo nikasikia Baba Mdogo akigongagonga viatu kwenye ngazi kutoa matope. Alikuwa ametoka nyumbani Bungoma siku hiyo hiyo. Nilimpa kiti akakataa. Aliongea akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, wazee wamekaa. Jumamosi ya wiki ijayo tunazika mgomba."

Mama alikuwa anachambua kunde. Hakuinua kichwa. Aliendelea tu kuchambua, ila sasa majani alikuwa anayatupa chini na vijiti anavitia kwenye sufuria.

Kwetu, mtu akipotea mpaka watu wachoke kumngoja, wazee hukata mgomba wa ndizi, wakaufunika shuka, wakaulaza kaburini mahali pa mwili. Baada ya hapo yeye ni marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kumwekea chakula. Mtu waliyetaka kumzika hivyo ni Wekesa, kaka yangu. Alikuwa utingo wa lori la mizigo linalotoka hapa Eldoret kwenda Juba. Lori lilipatikana kando ya barabara, upande wa pili wa mpaka, mizigo imechukuliwa na dereva amekufa. Wekesa hakuwepo. Mahindi yamevunwa mara mbili tangu siku hiyo.

"Lazima redio imtaje kwanza," Baba Mdogo aliendelea. "Mtu wetu hazikwi kimya kimya kama mwizi. Redio isiposema, hakuna mtu atakuja. Kwa hivyo kesho asubuhi napeleka tangazo, na liseme marehemu. Nasimiyu, wewe ndiye msomi. Enda kwa Mwalimu akuandikie."

"Ukileta hilo neno kwa hii nyumba," Mama akasema polepole, "utanizika pamoja na huo mgomba."

"Shemeji, hata mimi nataka mahali pa kulilia. Huyo kijana nilimbeba mgongoni."

Mama aliinuka, akabandika sufuria ya vijiti kwenye jiko. Nikatoka.

Mwalimu anaishi mlango wa tatu kutoka kwetu, hapa Kapsoya, kwenye ploti ya tangi la bluu. Nimemjua tangu nikiwa mdogo wa kutumwa kiberiti. Alinifundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili, kisha akastaafu. Mama huyu jina analo lakini halitumiki. Hata mwenye ploti akija hubisha akiita, "Mwalimu, uko?" Ana sweta moja ya kijivu ambayo mfuko wake wa kulia hauishi vumbi la chaki, na sijui chaki anaipeleka wapi siku hizi.

Kazi ambayo hakustaafu ni kuandikia watu matangazo ya vifo. Wafiwa huja na kiti chao, maana veranda yake ina kimoja tu. Wanakaa hapo wamelia mpaka sauti zimekauka, na yeye badala ya kuwapa pole anawahoji kama polisi. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi nikisikiliza. Siku moja walikuja vijana wawili wa mzee aliyekuwa akituletea maziwa kutoka Moiben.

"Andika alikuwa mtu wa watu," mkubwa akasema.

"Watu gani?"

"Watu tu, Mwalimu. Wote."

"Hata wewe?"

Mdogo wake akajaribu. "Alikuwa mkarimu."

"Alimpa nani nini?"

Halafu yule mdogo akasema, karibu kwa hasira, kwamba baba yao akishapima maziwa alikuwa anaongeza kidogo juu, kila mteja, kila siku, na mama yao alikuwa anamgombeza kwamba hiyo nyongeza ndiyo ilikuwa faida yote.

"Sasa umesema," Mwalimu akajibu, na hapo ndipo akashika kalamu. Siku ya mazishi mchungaji aliposoma, "Alipima, kisha akaongeza," wanawake walioshika nafasi za nyuma waliitikia kwa pamoja, "Kweli!" Mmoja alilia mpaka akatolewa nje. Nilikuwepo.

"Mkarimu ni gunia lililofungwa," Mwalimu aliniambia wale vijana walipokwisha kuondoka. "Kila familia inaniletea moja. Mimi nasema fungua, tuone kama ni mahindi ama ni makapi."

Darasani alikuwa na jela. Alichora kisanduku kwenye pembe ya ubao kwa chaki nyekundu, na maneno tuliyokuwa tumeyachosha aliyafunga humo. "Nzuri" ilifungwa wiki ya kwanza. "Mambo" ikafuata. "Kitu" ilipewa kifungo cha maisha. Mtu akitumia mfungwa kwenye insha, anarudishiwa insha yote. Kiprop, aliyekuwa anakaa nyuma karibu na dirisha lililovunjika, alisimama siku moja akiwa na uso wa wakili.

"Mwalimu, tunaombea 'nzuri' dhamana. Amebadilika."

"Amebadilika amekuwaje?"

Kiprop alifikiri. "Amekuwa... mzuri."

Darasa zima lilianguka. Mwalimu naye alicheka mpaka akashika meza, halafu akaongeza kifungo.

Huyo huyo Kiprop ndiye aliyetufanya tuelewe uteuzi wa maneno, ile mada ambayo kwenye vitabu vya marudio inaandikwa kwa mistari miwili na kila mtu anaikariri bila kujua maana yake. Alichelewa. Alipita nyuma ya Mwalimu akiwa ameinama.

"Umefanya nini?" Mwalimu akauliza bila kugeuka.

"Nimeingia, Mwalimu."

"Kuingia ni kwa wenye saa. Wewe umenyemelea. Toka, halafu urudi ukiwa umeingia."

Kiprop akatoka, akabisha hodi kwa ngumi, akaja kifua mbele kama gavana.

"Hapo sasa umejitoma," Mwalimu akasema, na sisi tukawa tunapiga madawati. Akangoja tunyamaze. "Mlango ni ule ule, kijana ni yule yule. Mwandishi akichagua moja kati ya hayo, ameshakwambia huyu ni mtu wa namna gani, na hajamsifu wala hajamtukana. Sasa andikeni."

Sitaki kuandika hapa kama mtu anayemsifu marehemu. Alikuwa mkali mahali ambapo ukali haukuhitajika. Mimi naogopa kusoma mbele ya watu. Sauti yangu inarudi ndani, inakuwa kama ya mtu aliye nyuma ya mlango. Walimu wengine walikuwa wananiruka. Yeye alinisimamisha kila kipindi mpaka nisome, hata kengele ikilia, hata wenzangu wakianza kuguna kwamba nawachelewesha chakula. "Umelitafuta neno, umelipata," alikuwa ananiambia, "halafu unaliua mdomoni. Ulilitafutia nini?" Muhula huo nilimchukia. Nilikuwa naomba Mungu ahamishwe apelekwe Timboroa, akaone baridi.

Kuna wakati nilimwandikia insha iliyojaa methali na maneno niliyoyaokota kwenye kamusi, nikitaka anipende. Aliirudisha na sentensi moja chini yake kwa wino mwekundu: Mbolea umemwaga, mahindi yako wapi? Nililia chooni mpaka nikakosa chai ya saa nne.

Na nyumbani kwake? Hakuna mtu mvivu wa maneno kama yeye. "Nasimiyu, niletee ile kitu iko juu ya ile kitu." Anamaanisha miwani juu ya kabati. Nikimwambia, "Mwalimu, kitu kiko jela," ananijibu, "Jela ni ya shule. Hapa ni kwangu." Sokoni anaongea Sheng na vijana wa mitumba, Sheng yenyewe ya zamani, mpaka wanamcheka na kumpunguzia bei. Chai yake ni nusu kikombe. Sijawahi kuona mgeni akijaziwa. Anasema kikombe kikijaa mgeni anachelewa kuenda.

Lakini kuna jambo ambalo sote kwenye ploti tulilijua na hatukulisema mbele yake. Kanisani, Jumapili ya kuwaombea wajane, mchungaji huwaita mbele. Mwalimu anabaki kwenye benchi. Jumapili ya kubariki ndoa, wake na waume husimama wakashikana mikono. Mwalimu anabaki kwenye benchi. Mume wake alitoka asubuhi moja kuenda Moiben kuangalia mahindi ya kununua, miaka mingi kabla sijazaliwa, na hakurudi. Wako wanaosema alikufa. Wako wanaosema ana boma lingine na watoto wanene. Mama anayeuza mandazi getini alisema siku moja, akigeuza mandazi, "Si aseme tu kama alifiwa ama aliachwa, ndio tujue tumpe pole gani." Ukimuuliza Mwalimu mwenyewe anasema, "Hajarudi," kwa sauti ya mtu ambaye mumewe ametoka kununua mkate.

Kwa hivyo Alhamisi nilienda kwake na tumaini. Nilijua atakuwa upande wa Mama. Nilidhani ataandika neno moja zuri, neno ambalo Baba Mdogo akilisoma atashindwa, na mimi nisiseme chochote.

Sikuwa nimemtembelea tangu shule zifunguliwe na nilishtuka alivyopungua. Ile sweta ilikuwa imemmeza. Alikuwa kwenye kiti chake, redio kwenye mapaja, imezimwa.

"Nimesikia," alisema kabla sijaketi. "Kuta za hapa ni karatasi."

"Mwalimu, niandikie. Baba Mdogo anapeleka kesho asubuhi."

Alichukua karatasi, akaweka gazeti chini yake, akaandika jina la Wekesa lote kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Kalamu ikasimama. Niliangalia ncha yake. Haikusogea.

"Sina," akasema.

Nilidhani ni wino. "Nikuletee ingine?"

"Neno. Neno sina, Nasimiyu."

Sijawahi kuogopa hivyo. Ni kama kumwona mtu mzima akianguka barabarani, huwezi hata kumshika. Nikaanza kulia, na mimi ambaye siinui sauti nikamwinulia Mwalimu sauti.

"Wewe ndiye unajua! Mimi nitafanya nini? Wakisema marehemu, Mama atakufa. Mama anapika vijiti, Mwalimu, anapika vijiti! Na tusiposema, Baba Mdogo anatulaani, yeye na wazee wote. Niambie neno moja tu. Moja!"

Hakunikaripia. Aliikunja ile karatasi na kuikunjua.

"Hata mimi nilikaa na karatasi hapa," akasema. "Nikaona nikiandika amepotea, watu watacheka, watasema mwanamume mzima hapotei njia ya Moiben. Nikiandika ametoroka, nimemtukana, na pengine amelala mtaroni. Marehemu, mkono ulikataa. Nikasema acha ningoje, nitapata linalofaa. Mimi, mwalimu wa maneno." Alicheka, kicheko kibaya. "Sikupeleka tangazo. Unanielewa? Hakuna redio iliyomtaja. Hakuna mtu hata mmoja Moiben aliyeambiwa aangalie. Yule mtu hakutafutwa kwa sababu mke wake alikuwa anatafuta neno."

Nje watoto walikuwa wanapiga mpira kwenye tangi, ukirudi, ukirudi. Nilitaka aseme kitu cha kunituliza. Badala yake alivuta kiti, akavaa miwani, na uso wake ukawa ule wa kuhoji wafiwa.

"Wekesa alitoka hapa amevaa nini?"

"Jaketi ya bluu ya kazi."

"Lori?"

"Lilipatikana."

"Yeye?"

"Hakupatikana."

"Nani amewaambia amekufa?"

"Hakuna."

"Nani amewaambia yuko hai?"

"Mama."

"Mama amemwona?"

Nilimchukia tena kama ule muhula, pengine zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeingia pale nikiwa na hakika kwamba kaka yangu yuko hai mahali fulani anatafuta nauli, na yeye kwa swali moja alinionyesha kwamba hiyo hakika niliazima kwa Mama. Sikuwa nayo. Sikuwa na chochote. Niliketi kwenye ile sakafu ya saruji baridi nikahisi kama ndio napewa habari leo.

Akasema, "Basi andika mpaka hapo. Unapoishia kujua, funika kalamu. Neno likipita unachojua, ni uongo, hata kama ni tamu. Likikosa kufika, ni woga. Mimi nilikuwa mwoga."

"Andika wewe, Mwalimu. Tafadhali."

"Mkono wangu hauwezi hii. Ungeweza, ungekuwa umeandika lile la mume wangu." Akanisukumia karatasi yenye jina. "Na usimpe baba yako mdogo asome. Soma mwenyewe."

Niliandika nikiwa nimeweka karatasi kwenye goti. Nilikata, nikaandika, nikakata. Hakunisahihisha hata mahali pamoja, na hilo lilinitisha kuliko wino mwekundu. Nilipomaliza aliniletea chai. Kikombe kilijaa.

Asubuhi ya Ijumaa nilimsomea Mama kabla sijatoka na Baba Mdogo. Alikuwa amelala amegeukia ukuta, hajala. Nilisoma lote na sikujua kama amelala usingizi. Nilipofika mwisho nikangoja. Nikasikia, kutoka ukutani:

"Zipu ya hiyo jaketi ilikuwa imekufa. Andika nilimfungia na pini."

Nikaandika.

Tulipopita mlango wa Mwalimu, redio ilikuwa imewekwa nje juu ya kile kiti chake kimoja, sauti juu, na yeye amesimama kando yake kwa sababu hakuna kiti kingine. Alimsalimu Baba Mdogo. Mimi aliniambia tu, "Usinong'one."

Kwenye kituo cha redio kulikuwa na watu mbele yetu, wengine wana picha za wapendwa wao, mama mmoja amebeba mtoto. Msichana wa kaunta alikuwa mpole lakini amechoka, na ni asubuhi.

"La kifo ama la kupotea?"

"La kifo," Baba Mdogo akasema.

"Hapana," nikasema.

"Nani ameongea? Sijasikia," msichana akasema.

"Nasimiyu, leta hiyo karatasi," Baba Mdogo akasema.

Sikuileta. Nilishika kaunta kwa mkono mmoja, nikasoma:

"Tunamtafuta Wekesa, utingo wa lori. Alitoka Eldoret kwenda Juba akiwa amevaa jaketi ya bluu, zipu haifungi, mama yake alimfungia na pini. Lori lilipatikana, dereva alipatikana amekufa, Wekesa hakupatikana. Hatujui. Mama yake anamngoja, na baba yake mdogo anatafuta mahali pa kumlilia. Uliyemwona, akiwa hai au akiwa hayuko hai, tafadhali tuambie."

Watu kwenye foleni walikuwa wamegeuka.

"Haujasema marehemu," Baba Mdogo akasema kwa sauti ya chini.

"Sijui kama ni marehemu, Baba Mdogo."

"Unajua Jumamosi hakuna mtu atakuja."

"Najua."

"Na wazee watauliza. Utawaeleza ni wewe?"

"Nitawaeleza."

Aliniangalia kama mtu ambaye hanijui. Halafu akavaa kofia, akatoka. Kupitia kioo nilimwona ameivua tena, anajipangusa nayo uso, mabega yanaenda juu na chini.

Msichana wa kaunta alikuwa bado ameshika kalamu. "Sasa hii ya hai au hayuko hai nitaweka wapi? Hapa kuna kifo na kuna kupotea."

"Weka kupotea. Lakini hayo maneno usiyatoe."

Akaandika. Aliponiuliza namba nikampa ya Mama. Akauliza, "Na wewe ni nani kwake?"

"Dada yake."

"Ongea, mrembo. Hii kelele."

Nikavuta pumzi. Nikasema tena, na yule mtoto aliyebebwa mgongoni akageuka kuniangalia.

"Mimi ni dada yake."